Kuchora Nyumba za Pangani na Taswira Zake Mtoni kwa Rangi za Maji: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ya wanaoanza kuchora kwa rangi za maji yanafanana kila mara. Kwa nini mto wangu unaonekana kama ukuta wa bluu? Kwa nini nyumba nilizozigeuza majini zinaonekana kama mtaa wa pili uliopinduliwa? Kwa nini rangi zote zimegeuka tope? Mwongozo huu unayajibu kwa kuchukua mandhari moja tu na kuifuata kuanzia mstari wa kwanza wa penseli hadi tepu inapobanduliwa.

Mandhari yenyewe ni mji wa Pangani, mkoani Tanga, ukitazamwa kutoka Bweni, ng'ambo ya mto. Utaona safu ya majengo ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, mapaa ya mabati yaliyoshika kutu, minazi nyuma yake, na mto mbele yake ukikaribia kuingia baharini. Nimeichagua kwa sababu majengo yapo karibu na maji, maumbo yake si magumu, na zaidi ya yote kwa sababu mto wenyewe si wa bluu. Mto Pangani hubeba udongo kutoka bara, na mchoraji anayeuchora kwa bluu aliyoizoea hajautazama. Ukiwa Lamu, kwenye bandari ya kale ya Mombasa au kando ya ziwa lolote, hatua ni hizihizi. Kinachobadilika ni rangi ya maji.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa mkwaruzo wa wastani, ukubwa wa sentimita 28 kwa 38. Kama fedha yako inatosha kununua kitu kimoja kizuri tu, nunua karatasi na uridhike na rangi za bei nafuu. Karatasi ya pamba hubaki na unyevu kwa muda mrefu na huvumilia kurekebishwa. Karatasi ya mashine ya kunakilia hujikunja na kutoa nyuzi mara tu inapoguswa na maji mengi.
- Rangi tano. Majina hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo soma namba iliyochapwa kwenye tyubu: bluu ya ultramarini (PB29), oka ya njano (PY43 au PY42), siena ya kuchomwa, yaani hudhurungi yenye wekundu (PBr7 au PR101), njano safi (PY154) na nyekundu ya waridi (PV19). Nyeusi haihitajiki. Zinunue katika duka la vifaa vya sanaa au la vitabu, kwa kuwa rangi ya maji inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni ya kuta na haifai kwa kazi hii.
- Brashi tatu: ya duara namba 10 au 12 yenye ncha kali, bapa yenye upana wa sentimita 2.5, na ndogo namba 4.
- Ubao wa plaiwudi, tepu ya karatasi kama ile wanayotumia wapaka rangi wa magari, penseli ya HB, kifutio laini, rula, tishu, kitambaa cha pamba, sahani nyeupe ya kauri ya kuchanganyia rangi, na makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi na jingine la maji safi ya kuchanganyia.

Maji hayo yasiwe ya chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na chumvi ikibaki kwenye rangi mbichi huvuta maji na kuacha madoa ya punjepunje ambayo hayatatoka.

Hatua ya 1: Chagua saa kabla ya kuchagua mahali pa kukaa

Taswira nzuri, yaani sura ya majengo inayoonekana majini kama kwenye kioo, hutegemea maji yaliyotulia, na katika mlango wa mto maji hutulia kwa saa chache tu. Alfajiri na asubuhi mapema, kabla upepo wa mchana haujaanza, uso wa mto huwa shwari. Mkondo nao hupungua nguvu maji yanapokwisha kujaa na kabla hayajaanza kupwa. Saa hizi mbili hukutana, kwa kawaida ya pwani yetu, siku 2 hadi 4 baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hujaa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Waulize wavuvi au tazama jedwali la maji kabla ya kusafiri. Maji yakiwa yamekupwa, utakuta tope limejitokeza kati ya kuta na mto, na sehemu kubwa ya taswira uliyoifuata haipo.

Fikiria pia jua. Ukiwa Bweni unatazama kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi hutokea kuliani kwako, upande wa bahari. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua hupita upande wa kusini na kuzimulika kuta zinazotazama mto. Katika miezi ya Juni na Julai kuta hizohizo hubaki kivulini. Anayeanza achague msimu wa kwanza, kwa kuwa tofauti kati ya upande wenye mwanga na upande wenye kivuli huonekana waziwazi.

Ukichora kutoka kwenye picha, iwe picha uliyoipiga mwenyewe, na simu ishikwe bila kuinamishwa upande wowote.

Hatua ya 2: Chora mchoro mdogo wa kiza na mwanga

Kwenye kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja, chora mandhari yote kwa penseli ukitumia ngazi tatu tu: nyeupe, kijivu na nyeusi. Amua mapema mahali ambapo karatasi itabaki nyeupe kabisa, kwa mfano ukuta mmoja wa chokaa unaopigwa na jua. Katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, na ukishaufunika huwezi kuurudisha kikamilifu. Kazi hii ni ya dakika chache, na wanaoiruka ndio wanaouliza baadaye kwa nini picha yao haina nguvu.

Hatua ya 3: Bandika karatasi na upige mstari wa maji

Bandika karatasi ubaoni kwa tepu pande zote nne. Pima sentimita 12 kutoka juu, kisha upige mstari mwepesi wa kulala kwa rula. Huu ndio mstari wa maji, yaani mahali ambapo ukingo wa ng'ambo unakutana na mto, na kila kipimo kitakachofuata kinaanzia hapo. Usipitishe katikati ya karatasi, kwa sababu picha itagawanyika sehemu mbili zinazogombania macho.

Hakikisha umelala sawasawa. Mstari ukiinama hata kidogo, mto utaonekana kama unamwagika nje ya picha, na hakuna rangi itakayoliponya kosa hilo.

Hatua ya 4: Chora majengo, kisha upime taswira zake

Hii ndiyo hatua inayohitaji subira kuliko zote. Chora majengo kwa mistari myepesi: kwanza miraba mikubwa ya kuta, kisha mapaa, kisha madirisha na milango. Jengo refu lisizidi sentimita 5 au 6 kutoka mstari wa maji, ili taswira yake ipate nafasi na bado maji mengine yabaki mbele.

Sasa taswira. Kila nukta iliyo juu ya maji ina nukta yake chini yake, wima, kwa umbali uleule. Paa likiwa sentimita 5 juu ya mstari wa maji, taswira ya paa hilo itakuwa sentimita 5 chini ya mstari. Kosa linalojirudia ni kupima kuanzia kizingiti cha mlango. Kipimo kinaanzia usawa wa maji, kwa sababu ukuta wa gati na ukingo navyo vina taswira yake, nayo huja kwanza.

Majengo yaliyorudi nyuma hayafuati macho yako. Yanafuata yale ambayo maji yanayaona. Maji yapo chini, kwa hiyo huyaona mandhari kana kwamba jicho lako lingekuwa chini ya usawa wa mto. Kutoka huko, ukingo na nyumba za mbele huficha mengi zaidi. Mnazi unaochungulia kidogo juu ya paa huenda usionekane kabisa majini, na nyumba iliyo mita nyingi nyuma ya ukingo huonyesha paa lake tu. Kwa sababu hiyohiyo, taswira ya baraza au ya upenu huonyesha upande wake wa chini, ambao wewe uliyesimama ng'ambo unauona kwa shida. Anayegeuza tu karatasi juu chini na kunakili safu ya nyumba hupata picha ambayo mtazamaji huitilia shaka hata asipoweza kusema kasoro iko wapi.

Vitu vilivyoinama vina kanuni yake. Mlingoti wa jahazi huinama kuelekea omo, yaani upande wa mbele wa chombo. Ukiinama kuelekea kulia, taswira yake nayo huelekea kulia. Nguzo iliyoinama kukuelekea wewe huwa na taswira ndefu kuliko yenyewe, na iliyoinama kwenda ng'ambo huwa na taswira fupi.

Weka alama za penseli tu kwenye ncha za taswira, yaani pembe za mapaa na kingo za kuta. Usichore madirisha majini. Brashi itayadokeza.

Hatua ya 5: Changanya rangi zako zote kabla ya kulowesha karatasi

Andaa michanganyiko minne kwenye sahani, kila mmoja ukiwa mwingi kuliko unavyodhani utahitaji. Wa kwanza ni bluu nyembamba ya anga. Wa pili ni oka yenye tone la siena, kwa ajili ya kuta na udongo wa mto. Wa tatu ni ultramarini na siena zikiwa karibu sawa, ambazo hutoa kijivu kizuri cha vivuli; ukiongeza siena kinakuwa na joto, ukiongeza bluu kinakuwa na ubaridi. Wa nne ni njano na ultramarini, zikitulizwa na siena kidogo, kwa ajili ya minazi. Kijani kisichotulizwa hupiga kelele katika mandhari kama hii.

Jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha karatasi ileile na usubiri ukauke, kwa sababu rangi za maji hufifia zinapokauka. Kinachoonekana sawa kikiwa kibichi kitakuwa hafifu baadaye, hivyo koza kidogo kuliko macho yanavyotaka.

Hatua ya 6: Paka tabaka la kwanza juu ya karatasi nzima

Inua ubao kidogo upande wa juu. Lowesha karatasi kwa brashi bapa na maji safi, ukiacha pakavu kuta ulizozipangia weupe. Paka anga kwa bluu nyembamba, na ukishuka karibu na mapaa uiache ififie. Endelea na oka nyembamba juu ya kuta, vuka mstari wa maji bila kusimama, na uipeleke hadi chini ya karatasi, ukiikoza polepole kuelekea upande wako.

Kuna sababu ya kukoza huko. Maji yaliyo mbali huyatazama kwa kuyalaza macho, kwa hiyo hurudisha mwanga mwingi wa anga na kuonekana meupe. Maji yaliyo karibu na miguu yako huyatazama kutoka juu, na hapo udongo uliomo ndani huanza kuonekana.

Acha pakauke kabisa. Gusa karatasi kwa nyuma ya mkono: ikiwa ya baridi, bado ina unyevu hata kama haing'ai. Pwani wakati wa masika hili linaweza kuchukua zaidi ya saa moja, na Dodoma wakati wa kiangazi ni dakika chache tu.

Hatua ya 7: Paka majengo na minazi

Anza na kilicho nyuma. Minazi iwe na kingo laini na rangi hafifu. Kisha kuta: chokaa ya kale haina rangi moja, kwa hiyo gusa oka hapa, waridi kidogo pale, na uache rangi zikutane zenyewe zikiwa bado mbichi. Kwa mabati tumia siena, nzito mahali penye kutu na nyepesi mahali pengine.

Zikikauka, paka vivuli vyote kwa kijivu ulichoandaa, kwa mkupuo mmoja, ukiunganisha kivuli cha upenu na cha upande wa ukuta na cha mlango. Vivuli vilivyounganishwa huifanya safu ya nyumba kuwa kitu kimoja. Madirisha yapewe kiza chenye rangi ndani yake, si weusi mtupu, na si lazima yote yaonekane.

Hatua ya 8: Paka maji, na upake mara moja tu

Soma hatua hii yote kabla ya kuanza, kwa sababu ukishaanza hutakuwa na muda wa kusoma.

Lowesha eneo lote la mto kwa maji safi, kuanzia unywele mmoja chini ya mstari wa maji. Uwazi huo mwembamba utabaki kama mstari wa mwanga unaotenganisha ukingo na mto. Subiri mng'ao wa karatasi upungue hadi uonekane kama hariri. Sasa chukua rangi nzito kuliko ile ya majengo, na uvute kila taswira kwa brashi ya duara kutoka juu kwenda chini, jengo kwa jengo: oka chini ya ukuta wa oka, kijivu chini ya kivuli, siena chini ya paa. Chini ya ukuta mweupe pia weka rangi hafifu, kwa kuwa kitu cheupe huonekana cheusi kidogo majini, na kitu cheusi huonekana cheupe kidogo. Ndiyo maana kiza kikali kuliko vyote katika picha hii kinapaswa kuwa juu ya mstari wa maji. Katika mto wenye udongo kama huu, taswira zenye kiza hushika hudhurungi, hivyo ongeza siena katika kila kijivu cha majini.

Rangi ikiwa bado mbichi, osha brashi bapa, ikamue kwa kitambaa, na uipitishe kulala juu ya taswira mara mbili au tatu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kubonyeza. Kingo zitalainika na safu ya nyumba itageuka kuwa maji mbele ya macho yako. Kisha ondoa mkono. Kila mguso wa ziada baada ya hapo huharibu.

Onyo moja lizingatiwe: brashi isiwe na maji mengi kuliko karatasi. Maji ya ziada husukuma rangi pembeni na kuacha mabaka yenye kingo kali. Vilevile, mawimbi madogo hurefusha taswira kwenda chini lakini hayaipanui kwenda pembeni, kwa hiyo ukuta usizidi upana wake majini.

Hatua ya 9: Mawimbi, vyombo na mistari ya mwisho

Pakikauka, ongeza mistari michache ya mawimbi: myembamba na iliyokaribiana karibu na ng'ambo, mipana na iliyoachana upande wako. Ipite juu ya taswira na kuikata hapa na pale. Kama kuna ngalawa au mashua, ipake kwa kiza na uifungie taswira yake mara moja, bila pengo kati ya chombo na maji. Kumbuka kwamba kivuli na taswira ni vitu viwili. Taswira hushuka wima kukuelekea wewe popote jua lilipo, ilhali kivuli hufuata jua, na katika maji yenye udongo huonekana wazi juu ya uso wa mto. Milingoti na kamba ziwe za mwisho, kwa brashi ndogo.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Taswira zinaonekana kama mtaa wa pili.* Zina kingo kali na kiza sawa na majengo. Lowesha brashi bapa kwa maji safi, isugue taratibu juu ya kingo kwa mistari ya kulala, kisha kandamiza tishu. Kwenye karatasi ya pamba hili hufanikiwa mara nyingi.

*Rangi zimegeuka tope.* Umechanganya rangi zote tano, au umerudi juu ya rangi iliyokauka nusu. Sehemu hiyo haiokoleki ikiwa mbichi. Iache ikauke kabisa, kisha upake juu yake tabaka moja jembamba la rangi moja.

*Maji bado yanaonekana kama ukuta.* Tazama kama rangi yake ni moja kuanzia ng'ambo hadi chini ya karatasi. Koza sehemu ya mbele kwa siena na ultramarini nyembamba, ukiifanya ififie kadiri inavyopanda.

*Weupe umepotea.* Unaweza kuinua rangi kidogo kwa brashi yenye unyevu na tishu, au kukwaruza mng'ao mmoja wa wimbi kwa ncha ya wembe karatasi ikiwa kavu kabisa. Rangi nyeupe nzito siipendekezi majini. Hukaa juu ya uso na kuua uangavu wote ulioutafuta.

*Karatasi imejikunja.* Ikiwa bado haijabanduliwa, iache ikauke ikiwa ubaoni. Ikiwa imeshabanduliwa, inyunyizie maji kidogo kwa nyuma na uilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha, katikati ya karatasi mbili safi.

*Tepu inachana karatasi.* Ulibandua mapema au kwa haraka. Subiri karatasi isiwe na ubaridi wowote, kisha vuta tepu polepole kuelekea nje ya picha, ukiikunja nyuma karibu kulala juu ya ubao. Ikikataa kutoka, ipashe joto kwa draya ya nywele kwa sekunde chache, na gundi italegea.